Baraka Iliyovuka Kizuizi

Kitengela,
14 Aprili 2020

Kwa dada yangu Margaret, na kupitia kwako kwa Yeyo, mama yetu, na kwa wote mlioketi kusikiliza:

Naanza na salamu kama umri unavyoagiza. Yeyo, takwenya, najua umekwisha kuitikia kabla msomaji hajavuta pumzi. Dada yangu, Mama Felix, nakuamkua. Felix na mkeo Resian, hamjambo. Watoto nao watasalimiwa wakiweza kunyamaza hadi mwisho.

Yeyo amekataa simu. Anasema sauti inayokuja bila mtu ni ya kumpotezea mtu njia. Basi nimerudi kwenye kalamu, ili maneno yangu yamfikie kutoka kinywani mwa mtu anayemwona.

Jicho la kulia limepona. Daktari ameondoa mtoto wa jicho, na sasa naona vizuri hata visivyostahili kuonwa, hasa ukuta wa jirani uliopakwa rangi ya samli, ulioziba dirisha lote la binti yangu Lorna. Nilikuja kwa wiki mbili. Mnajua yaliyofuata: siku moja kabla ya safari yangu, serikali ilitangaza kwamba mtu asiingie wala asitoke. Kitengela imewekwa ndani ya mstari, Kisaju imebaki nje. Mwendo wenyewe niliutembea kwa asubuhi moja nilipokuwa kijana, nikifuata ng'ombe. Leo nimeketi ghorofa ya tatu na kuhesabu vigae.

Barua hii inaletwa na Maweu, kijana wa watu wa Machakos anayeleta nyanya kutoka Kimana na kurudi na kreti tupu. Mizigo inapita kizuizini, watu hawapiti. Nyanya zimepewa haki nisizo nazo mimi niliyefundisha uraia miaka thelathini na mmoja.

Wenu, niliyefungiwa karibu,
Ezra

*Karatasi ya pili. Ya Margaret peke yake, isisomwe kwa sauti.*

Wenzake Lorna wawili katika duka kubwa anakofanya kazi wamechukuliwa na gari la afya. Hawakuwa wamesafiri, wala hawakupokea mgeni kutoka ng'ambo. Wanaulizwa waliupata wapi, na hawajui. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyogeuka kuwa mwenyeji: unaacha kuuliza njia.

Unaowaangusha ni wazee, na Yeyo amepita tisini. Nakuagiza mambo mawili. Mtu kutoka nje ya boma asimguse. Na barua hizi, kwa kuwa zimepita mikononi mwa watu, zianikwe juani nusu siku kabla ya kufunguliwa. Nimeagiza kama mwalimu mkuu. Nisamehe, sijui kuagiza kwa namna nyingine.

&nbsp;

Kisaju,
23 Aprili 2020

Ndugu yangu Ezra, Baba Lorna,

Salamu zako zilifika zikiwa moto, kwa maana halisi. Tuliianika barua yako kwenye seng'enge, tukaibana kwa vibanio vya nguo, na boma zima likakaa kuitazama kama mgonjwa. Yeyo, ambaye hajawahi kukuita Ezra na hataanza leo, aliuliza, "Hiyo karatasi inaanikwa kama nyama. Kwani Parsaoti ameiandika akiwa mtoni?" Nilipomtafsiria, Maweu alicheka hadi chai ikampalia. Nami ningewezaje kumwacha mtu aliyeleta barua aende na koo kavu? Alikaa na Yeyo kivulini hadi karatasi ikawiva, ili akueleze jinsi ilivyopokewa. Barakoa aliishusha kwa ajili ya chai tu.

Huku mvua imetosha. Ng'ombe wa Felix, yule mwenye pembe moja, amezaa ndama jike. Kanisa limefungwa, kwa hiyo Jumapili nasoma mimi na watoto wanaimba, na Resian anasema sadaka imepungua kwa sababu mchungaji ni mimi.

Yeyo anakula vizuri. Ila jambo moja linamsumbua. Watoto walikuwa wakija kila asubuhi na kumwinamishia vichwa, naye akiwawekea mkono mmoja mmoja. Sasa nimewasimamisha penye ua, wanainama kutoka huko. Yeyo hunyoosha mkono hewani, kisha huukunja. Jana alisema, "Mkono wangu una njaa." Watoto walicheka. Mimi nilienda kuangalia maziwa ambayo hayakuwa jikoni.

Tunza jicho. Tutaendelea kukutunzia nafasi yako penye moto.

Dada yako,
Margaret

&nbsp;

Kitengela,
2 Mei 2020

Kwa Yeyo, kwa dada yangu, na kwa mkutano mzima wa nyumba yetu:

Pokeeni salamu za mtu ambaye sasa anajua majina ya watoto wote wa jengo hili kwa jinsi wanavyopanda ngazi. Lorna ni mzima na anawasalimu. Akirudi kazini huvua viatu nje na kuoga kabla ya kuniamkua, nami nimekatazwa kumkaribia kama kwamba yeye ndiye mkwe wangu. Mwangalizi wa jengo ni mama mmoja aitwaye Waruguru, ambaye hubeba chupa ya dawa mgongoni kama mnyunyiziaji wa kupe. Juzi nilishuka bila barakoa, akanisimamisha. "Mwalimu, rudi juu. Hapa hata kama ulifundisha Rais, pua ni pua." Nilirudi juu.

Nasikia ndama amezaliwa. Apewe jina la siku hizi, lakini lisiwe la ugonjwa.

Ezra

*Karatasi ya pili. Ya Margaret.*

Unakumbuka Katoo, wa rika langu, anayefuga mbuzi huku nyuma ya viwanja? Anajua njia inayopita mbugani mashariki mwa barabara, mbali na polisi. Amekwisha kuwapitisha wengi. Amenipa siku: alfajiri ya Jumamosi ya tarehe kumi na sita.

Dada, sikuandikii kwa uchovu wa ghorofa. Baba alipokufa nilikuwa chuo cha ualimu, nikafika siku ya tatu. Wewe ulikuwepo, na wadogo zetu, ambao sasa ni marehemu, walikuwepo. Vichwa vyenu vilipata mkono wake na mate ya baraka yake. Changu hakikupata. Nimekuwa mzaliwa wa kwanza miaka hii yote nikiwa na deni hilo kichwani, na watu wakiniita mzee. Amebaki Yeyo. Naomba nikute mkono wake ungali na joto. Niambie nije.

&nbsp;

Kisaju,
6 Mei 2020

Baba Lorna,

Salamu za wote zipo kwenye karatasi ya kwanza, ambayo imeandikwa na Felix kwa sababu mkono wangu leo hauna adabu. Hii ni ya kwako.

Usije.

Wewe ndiye uliyeniandikia habari za wenzake Lorna. Wewe ndiye uliyesema ugonjwa hauulizi njia tena. Lorna anahudumia mji mzima na kulala chumba kinachofuata chako. Unaweza kuja ukiwa mzima, ukatembea mbugani ukiwa mzima, ukainamisha kichwa ukiwa mzima, na baada ya siku kumi tukamzika mama yetu kwa ajili ya kichwa chako. Baraka hiyo ungeiweka wapi?

Nitasimama getini alfajiri hiyo. Nitakurudisha mbele ya Katoo na mbele ya watoto, nawe unanijua. Ikiwa ni lazima mmoja wetu achukiwe, nichukie mimi. Mgongo wangu ni mpana.

Margaret

&nbsp;

Kitengela,
17 Mei 2020

Kwa Yeyo na kwa wote walio nyumbani:

Salamu. Sisi ni wazima.

Jana alfajiri nilivaa viatu, nikakaa kitini hadi jua lilipogonga ule ukuta wa rangi ya samli, kisha nikavivua. Lorna aliniuliza kama ninakwenda mahali. Nilimwambia nilikuwa napima kama bado vinanitosha.

Yeyo, mwanao anachelewa kwa sababu njia imefungwa, wala si kwa sababu moyo umefungwa. Naomba mkono wako unisubiri.

Leo hakuna karatasi ya pili.

Ezra Parsaoti

&nbsp;

Kisaju,
24 Mei 2020

Ndugu yangu,

Pokea salamu za watu waliolala vizuri. Barua yako ilisomwa Jumatano, baada ya kukaa juani nusu siku kamili, nami niliisimamia mwenyewe. Yeyo alisikiliza hadi mwisho, na jioni alikunywa uji kibuyu kizima na kuomba kingine. Amekuwa akiimba. Leo asubuhi alimwambia Resian kwamba ametokea kuwa mnene, na Resian amefurahi, maana Yeyo humtukana mtu anapokuwa na nguvu.

Nilikuandikia mwezi uliopita kwamba anakula vizuri. Haikuwa kweli wakati ule. Ni kweli sasa. Usiniulize kimebadilika nini. Nitakueleza tukikaa pamoja, na pengine hata hapo nitahitaji unianzishie.

Mvua imekatika. Umenyima barua yako karatasi ya pili, nami sikukulaumu.

Margaret

&nbsp;

Kitengela,
3 Juni 2020

Dada yangu Margaret,

Niwie radhi kwa kupita salamu haraka. Wote wasalimiwe, Yeyo kwanza.

Barua hii inaletwa na gari la maziwa, na dereva wake hatashuka. Maweu hayupo. Alisimamishwa kizuizini pamoja na madereva wengine, wakachukuliwa vipimo, na juzi majibu yakarudi kwamba anao ugonjwa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikuwa akipakua kreti na kuimba. Watu wa afya walimwuliza ni nani amekutana nao, naye, kwa kuwa ni mwaminifu, alitaja kila mtu, mimi nikiwemo. Tumepimwa mimi na Lorna, na tumeambiwa tusitoke mlangoni siku kumi na nne. Waruguru hutuwekea mboga kwenye ngazi na kubisha kwa fimbo ya ufagio.

Nina swali moja, na nimeliandika mara nne nikilichana. Nilimpigia Felix jana. Alisema wote ni wazima, lakini alilisema upesi mno, kama mtoto aliyeulizwa kuhusu kioo kilichovunjika. Maweu alipokuwa akileta barua, alikuwa akikaa wapi? Chai ile aliinywea karibu na nani? Niambie kwamba alikuwa akiirusha barua getini na kuondoka. Nitakuamini, hata kama nakumbuka ulivyoniandikia mwezi wa nne.

Ezra

&nbsp;

Kajiado,
14 Juni 2020

Ndugu yangu Ezra,

Nakusalimu kutoka bweni la shule ya wasichana, ambako tumewekwa karantini watu ishirini na wawili. Nimepewa kitanda cha juu kwa sababu vya chini vimepewa wanaopumua kwa shida. Nesi wetu, Aketch, aliponiona napanda aliniambia, "Pole pole, Mama. Leo wewe ndiye form one." Mimi napona. Resian na watoto hawana kitu. Felix yuko nyumbani, peke yake na ng'ombe.

Habari kubwa alikwisha kukupa Felix kwa simu, nami namshukuru, kwa kuwa nisingeweza. Yeyo alianza kuchoka tarehe mbili. Tarehe tano gari la afya lilimchukua. Tarehe nane alikwenda. Alizikwa siku iliyofuata na watu waliovaa nguo nyeupe hadi kwenye nywele. Felix alisimama mbali kama walivyomwonyesha. Mimi nilikuwa tayari humu. Kwa hiyo wewe hukuwepo, nami sikuwepo, na hilo sasa tunalimiliki wote wawili.

Yaliyobaki ni yale ambayo simu isingeyabeba.

Baada ya kukukataza, nilimweleza Yeyo kwamba hutakuja. Hata kile kidogo alichokuwa akila, alikiacha. Aliugeuza tu uso. Maweu alipoleta ile barua yako fupi, Yeyo alimwita karibu, akamwuliza, nami nikawa mkalimani, "Karatasi hii Parsaoti aliitoa mkononi mwake?"

Maweu akasema, "Ndiyo, shosho. Mkono kwa mkono."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Amenyoa ndevu."

"Basi inama."

Sikulazimika kulitafsiri hilo, maana alikuwa amekwisha kumshika ukosi wa shati na kumvuta chini. Akamwekea mkono kichwani, akamtemea mate ya baraka kama anavyotemewa mwana, akaomba muda mrefu uso wake ukiwa karibu na wa Maweu. Barua yako ilikuwa seng'engeni, ikikauka.

Mimi nilikuwa hatua mbili, nimeshika kikombe. Nilijua. Usijidanganye kwa ajili yangu kwamba sikujua. Nilikuwa nimekwisha kumnyima mwanawe, na sikupata nguvu ya kumnyima na dereva. Usiku ule alikunywa uji, nami nikamshukuru Mungu.

Nilikufungia wewe geti uliyekuwa mzima, nikalifungua kwa aliyekuwa mgonjwa, kwa sababu alikuja na barua. Nihukumu utakavyo. Nitakaa kimya nisikilize. Kitanda hiki kiko juu na sina pa kwenda.

Margaret

&nbsp;

Kitengela,
29 Juni 2020

Kwa dada yangu Margaret, ambaye Felix ameniambia amerudi nyumbani. Kwa Felix, Resian na watoto. Na kwa yeyote aliyekuja kuhani na kusimamishwa penye ua:

Takwenya, dada yangu. Nimeanza na wewe, kwa kuwa sasa mwanamke mkubwa wa nyumba ni wewe.

Barua hii isomwe yote kwa sauti. Hakuna sehemu ya kufichwa. Tulifichana kwa heshima, na heshima hiyo imetugharimu.

Umeniomba nikuhukumu. Nimetafuta pa kusimamia nifanye hivyo, nimekosa. Ni mimi niliyeagiza karatasi ianikwe. Niliwaza habari ya karatasi usiku na mchana, kama mwalimu, na nikamsahau mwanadamu aliyeishika. Sikuandika hata mstari mmoja kuhusu chai. Na kama ningeuandika, ni nani kati yetu angemnyima kikombe mtu aliyeleta habari za mwana? Tungeona haya kuliko kuogopa. Kama nimekusamehe, bado sijui. Nimekuandikia kabla ya kujua, ili usingoje peke yako.

Sasa nisikilizeni kuhusu Maweu. Aliachiliwa wiki iliyopita akiwa mzima. Alipofika kwake alikuta mwenye nyumba ameweka kufuli, na mkewe Ndulu anapikia mawe matatu nyuma ya kituo cha mafuta, kwa sababu kwenye bomba la maji walimwambia asubiri wengine wamalize, nao hawakumaliza. Lorna amewatafutia chumba. Nasikia huko Kisaju watu wameapa kulivunja vioo gari lake. Nasema mbele yenu wote: mtu huyo amewekewa mkono wa mama yetu. Anayemtupia jiwe anitupie mimi.

Sikulifikia neno hilo kwa urahisi. Nilipoisoma barua yako, jambo la kwanza lililonijia halikuwa huzuni. Nilimwonea wivu. Mzee wa miaka sabini na minne, mwenye wajukuu, nilimwonea wivu mgonjwa.

Alikuja juzi. Siku zangu kumi na nne zilikuwa zimekwisha, lakini Waruguru hana imani na hesabu za serikali, akamsimamisha penye mtaro. "Hapo hapo. Ukisonga nakunyunyizia." Nilishuka hadi ngazi ya mwisho nikasimama. Kati yetu palikuwa na urefu wa ng'ombe wawili.

"Mwalimu," akasema, "nimekuja kuomba msamaha, halafu niende."

Nilimwambia nitamsikia akinijibu kwanza. Nilimwuliza mkono wa Yeyo ulikuwaje.

"Ulikuwa mwepesi. Nilijua uko hapo kwa sababu ulikuwa na joto. Alipotema mate nilidhani nimemkosea, nikataka kutoka, lakini alikuwa amenishika shati. Yuko na nguvu, yule mama. Alikuwa na nguvu."

"Alisema nini?"

"Kimaasai sikijui, Mwalimu. Nilisikia Enkai, hilo neno la Mungu nalijua, na nilisikia jina lako. Hilo alirudia mara nyingi. Nilimwambia, shosho, mimi ni Maweu. Akanipigapiga tu, kama kusema najua, nyamaza."

Nilimwomba anionyeshe ni wapi hasa. Alivua kofia, akaweka kiganja chake juu ya kichwa chake mwenyewe, nyuma kidogo, upande wa kushoto, vidole vikishuka kuelekea sikio. Nami nilivua yangu, nikaweka changu pale pale.

"Nyuma zaidi, Mwalimu," akasema. "Hapo. Sasa bonyeza kidogo."

Nilibonyeza.

Waruguru alicheka. "Hii nayo ni mazoezi gani, wazee?" Tulisimama vivyo hivyo, kila mtu na mkono wake kichwani, hadi alipoacha kucheka, akatua chupa yake chini, na kuligeukia lango asitutazame.

Kizuizi bado kipo. Siku kitakapoondolewa, nitatembea kwa miguu.

Ndugu yenu,
Ezra Parsaoti